Mahubiri ya neema na mahubiri ya "jitahidi", tunayapimaje?

mdau_tabata:
Wakuu habari za jioni. Nasali kanisa moja huku Tabata, mchungaji akihubiri Efeso 2 anasema vizuri kabisa wokovu ni bure, kanisa zima tunapiga makofi, af ibada ya katikati ya wiki tunaambiwa asiyekuja mkesha na asiyefunga jina lake liko hatarini kufutwa, na ukiumwa usipone ujue imani yako ndogo. Mke wangu ametoka kujifungua, mkesha hawezi, sasa usiku hapati usingizi kwa hofu. Sikatai kufunga, nafunga na naona faida yake. Ila sisi ambao hatujasoma chuo cha biblia tunajuaje hapa mhubiri yuko sawa na hapa amevuka mpaka??

mama_kwaya:
Bwana Yesu asifiwe kaka, kwanza hongereni kwa mtoto. Mwambie wifi yangu alale. Mimi mahubiri yakiisha najiuliza, nimeambiwa nimtegemee nani? Kama natoka pale nahesabu vya kwangu, nimefunga siku ngapi, nimetoa sadaka kiasi gani, basi Kristo amewekwa pembeni hata kama jina lake limetajwa ibada nzima. Wagalatia ndo yaliwakuta, walishaamini, wakaja watu wakawaambia bila kutahiriwa haijatosha, Paulo akawauliza sura ya 3 mlianza kwa Roho sasa mnataka kumalizia kwa mwili? Na tahiri Mungu mwenyewe ndo alimwagiza Ibrahimu, haikuwa kitu kibaya, ubaya ni kuifanya sharti la kuokoka. Toa tahiri hapo weka mkesha, uone kama hoja ya Paulo inabadilika.

fundi_mbagala:
Mama umenena, ila na upande wa pili upo. Kuna wahubiri hapa mjini neema yao haimgusi mtu popote, bosi anakaa na mshahara wa dada wa kazi miezi na jumapili yuko kiti cha mbele anaimba. Wengi wanasoma Efeso 2 wanaishia mstari wa 9, wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe ndo inatufundisha kukataa ubaya. Na Filipi 2, mmoja anahubiri wa 12 tu, timizeni wokovu wenu, mwingine wa 13 tu, Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, wakati Paulo ameiunganisha, fanya bidii KWA SABABU Mungu anafanya kazi ndani yako. Ukisikia nusu moja tu kila wiki, shtuka.

msalaba_mtakatifu:
Mimi mkatoliki, watu hudhani sisi tunafundisha kununua mbingu. Mtaguso wa Trento, yani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1547 ulikataa wazi kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema. Na tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Ujerumani, sisi na Walutheri wa dunia, ambao KKKT wamo, tulisaini tamko la pamoja kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, sio kwa stahili yetu, na Roho anatufanya upya na kutuita kwenye matendo mema. Yani hata waliogombana karne na karne hawasemi unavyoambiwa wewe, kwamba ukikosa mkesha unafutwa.

mdau_tabata:
Asanteni sana wakuu. Na hili la mgonjwa kwamba hana imani?

mama_kwaya:
Hilo ndo linaniuma zaidi, linamwongezea mzigo mtu aliyelala kitandani. Paulo aliomba mara 3 mwiba, yani shida iliyomtesa mwilini, uondoke haukuondoka, akajibiwa neema yangu yakutosha, 2 Wakorintho 12. Na Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto anaumwa, 2 Timotheo 4:20, nani atasema Paulo hakuwa na imani? Mwone mchungaji wenu faragha, kwa heshima, muwekee hiyo mistari mbele. Na wifi akae nyumbani anyonyeshe, mkesha asiende.