Naomba ushauri: daftari la jioni na "mimi" wa zamani asiyetaka kuondoka

Wakuu, naomba ushauri kwa mnaofanya tafakari ya kila siku kwa maandishi.

Utaratibu ni mfupi: dakika 10 kabla ya kulala, kalamu na daftari, simu mbali. Unaandika tukio moja la siku hiyo ulipojibu kwa mazoea, na chini yake sentensi inayoanza "Mimi ni mtu wa..." Mfano: umeombwa kuendesha kikao, ukakataa hata kabla ya kufikiri. Sentensi: "Mimi ni mtu wa kukaa nyuma." Kisha maswali mawili: jina hili ninalojiita nililipata wapi, na leo limenisaidia nini? Mwisho, tendo moja dogo la kesho linalokwenda kinyume nalo, kama kuuliza swali moja tu kikaoni.

Kasoro huanzia hapa. Ukirefusha sana, maandishi yanageuka kujilaumu. "Kwa nini niko hivi?" humzungusha mtu palepale, "nini kilitokea?" hufaa zaidi. Na kuandika "mimi si mwoga tena" bila tendo ni kupoteza wino, maana nafsi hutaka ushahidi.

Sasa, lile jina la zamani ambalo nyumbani bado wanakuita, tuseme "yule mtatuzi wa kila kitu", mnalishughulikiaje daftarini? Mnaliaga kwa barua moja, au mnalipunguza tendo kwa tendo kwa wiki kadhaa? Na siku likihitajika kweli, mgonjwa yupo na hakuna mwingine wa kushika mambo, mnaandika nini jioni hiyo?