Tupeane uzoefu: Kioo kilichopinda, kioo bapa, kioo kirefu. Wewe umeishi na kipi?

Habari za majukumu, wadau. Naomba uzi huu tuujaze kwa uzoefu wa watu waliokaa na simu zao kwa muda wa kutosha, maana simu inavyopendeza kaunta ni habari nyingine kabisa na simu inavyokaa mfukoni. Samsung waliikunja Galaxy Note Edge upande mmoja tu mwaka 2014, mwaka uliofuata wakakunja pande zote mbili za S6 edge, na ilipofika 2017, S8 na S8+ zote zilikuwa zimepinda. Huawei walikwenda mbali zaidi kwa Mate 30 Pro ya mwaka 2019, ambayo kioo chake kilishuka ubavuni kwa nyuzi 88, hata vitufe vya sauti vikakosa mahali pa kukaa. Kisha upepo ukageuka: Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024 ilirudi kwenye kioo bapa, na mwaka huohuo Infinix Note 40 Pro ikaja kwetu ikiwa imepinda. Inaelekea mtindo huu umeshuka kwa watu wa kipato cha kawaida wakati wenye nazo wanauacha.

Naanza na yangu. Niliipenda simu yangu iliyopinda kwa kila jambo isipokuwa protekta. Ile ya glasi ilishika gundi kwenye kingo tu, katikati pakabaki hewa, kwa hiyo tachi ikawa nzito na alama ya kidole haikusomeka hata nikibonyeza kwa nguvu. Nilipobandika ya plastiki laini, ilianza kunyanyuka pembeni na kukusanya vumbi kwa mstari. Mwishoni niliiuza ikiwa haina mkwaruzo, kwa kuwa nilichoka kuilinda.

Fundi, Kariakoo: Mkuu, niruhusu nizungumze kutoka upande wa meza ya fundi. Simu yenye kioo bapa ikipasuka glasi ya juu huku picha na tachi vikiwa vizima, naipasha joto, napitisha waya mwembamba kuitenganisha ile glasi, nabandika nyingine, na mteja analipa fedha ya kuvumilika. Ile iliyopinda, AMOLED yake, yaani tabaka la chini ya glasi linalotoa picha, ni laini na imeufuata mkunjo wa glasi, hivyo waya ukifika pale kwenye kona unaweza kuijeruhi bila mimi kuona. Mteja akiwasha anakuta mstari wa kijani, na hasara inakuwa yangu. Ndiyo maana wengi wetu tunamshauri abadilishe kioo kizima, ambacho bei yake inaweza kumfanya aulize kama simu nyingine isingekuwa nafuu. Msitufikirie wezi, jamani.

Mchangiaji, Nairobi: Ninawaheshimu, lakini mimi bado niko upande wa mkunjo. Galaxy S7 edge ya mwaka 2016 iliweka kioo cha inchi 5.5 ndani ya upana wa milimita 72.6, ilhali iPhone 6s Plus, yenye inchi zizo hizo, ilikuwa na milimita 77.9. Mtu mwenye kiganja kidogo kama changu, anayeandika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chuma cha matatu, anazihisi hizo milimita tano kila siku. Ni kweli kwamba kiganja hugusa pembeni na kufungua vitu visivyotakiwa, lakini kava yenye kingo zilizoinuka kidogo ilinimalizia tatizo hilo.

Mwalimu wa hisabati, Morogoro: Kwa kuwa mada inahusu umbo, niongezee suala la urefu, ambalo naona linatupumbaza wengi. Inchi za simu hupimwa kutoka kona hadi kona, kwa hiyo kioo kikifanywa kirefu na chembamba, inchi hubaki zilezile huku eneo likipungua. Chukueni kioo cha inchi 6.7 chenye uwiano wa urefu kwa upana wa 20:9: eneo lake ni dogo kwa takribani asilimia 12 kuliko kioo cha inchi 6.7 chenye uwiano wa zamani wa 16:9. Mechi hurushwa kwa 16:9, hivyo ukiilaza simu hiyo mpya unaona vipande vyeusi kushoto na kulia, na picha yenyewe inabaki na ukubwa wa kama inchi 5.6. Mimi niliitoa simu ya zamani ya inchi 5.5 kabatini, nikaziweka pamoja siku ya mpira, na mwanangu hakuamini. Kwa kusoma ujumbe na kusahihisha kazi za wanafunzi, hata hivyo, kirefu ni kizuri zaidi.

Mchangiaji, Zanzibar: Kwangu kupinda si tatizo, kero yangu ni ule mkato wa juu uliosambaa baada ya iPhone X ya mwaka 2017. Tundu dogo la kamera nimelizoea, ule mkato sikuuzoea kamwe.

Mwanzisha uzi: Shukrani, mwalimu, hesabu hiyo inastahili uzi wake. Fundi, kuna protekta ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya UV. Je, inasaidia kwa zilizopinda?

Fundi, Kariakoo: Inasaidia, kwa sababu gundi hujaza ile hewa ya katikati uliyoilalamikia, na alama ya kidole hurudi kusomeka ukiisajili upya. Hatari yake ni kwamba gundi hutiririka kabla haijakauka. Fundi mwangalifu huziba kwanza spika ya sikioni na kuzungushia tepu vitufe vya pembeni, kisha huacha gundi isambae yenyewe bila kuikandamiza. Ukimwona anamimina bila kuziba, chukua simu yako uondoke. Na kabla ya kulipa, piga simu mahali popote usikie sauti, kisha ubonyeze vitufe vyote ukiwa bado mezani kwake.