Ruta imefungua poti ambazo sikuzifungua mimi

Mkazi wa Mbezi

Ndugu wadau, naomba kueleweshwa jambo linalonisumbua tangu Jumamosi. Niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta yangu ya nyumbani kwa nia ya kubadilisha nenosiri la Wi-Fi tu, nikajikuta katika sehemu iitwayo UPnP, ambamo palikuwa na jedwali lenye mistari mitatu ya poti (TCP na UDP ni aina zake): TCP 554 na TCP 8000, zote zikielekezwa 192.168.1.23, na UDP 3074 ikielekezwa 192.168.1.31. Sijawahi kufungua poti yoyote, yaani mlango wenye namba wa kupitishia data, maishani mwangu. (Simu yangu, ambayo ilikuwa ikitafsiri ukurasa ule kwa Kiswahili, iliziita “bandari”, na kwa muda nilishangaa ruta inahusikaje na meli.)

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba 192.168.1.23 ni kompyuta ya mke wangu, wakati DVR (kinasa video) ya kamera za usalama iko 192.168.1.40. Tena, nikiwa nje ya nyumba na kutumia data ya simu, nikijaribu kuifikia anwani yetu ya intaneti kwa poti 554 sipati chochote, ilhali programu ya kamera iliyo kwenye simu hiyohiyo inanionyesha uwanja wangu bila shida. Ni nani aliyefungua poti hizi, na kama kweli ziko wazi, mbona hazipitiki?

Fundi Nyaya

Ndugu yangu, waliozifungua ni vifaa vyako mwenyewe. Nyumba nzima inatumia anwani moja ya nje, kwa hiyo pakiti (kifurushi cha data) ikija kutoka nje bila kifaa chochote cha ndani kuwa kimeanzisha mazungumzo, ruta haijui impe nani na huitupa. Ili ipite, lazima pawe na mstari unaosema kwamba kinachokuja kwa poti fulani kipelekwe kwa kifaa fulani. Zamani mstari huo uliandikwa kwa mkono na mwenye ruta. UPnP iliwapa vifaa uwezo wa kujiandikia.

Utaratibu wake ni mfupi mno. DVR inapowashwa hutangaza ndani ya mtandao wako, kwa anwani 239.255.255.250 na poti ya UDP 1900, ikiuliza kama kuna ruta inayofahamu itifaki hii. Ruta hujibu na kueleza mahali pa kutuma maagizo, kisha DVR hutuma agizo liitwalo AddPortMapping, ambalo hutaja poti ya nje, poti ya ndani, anwani ya kifaa na muda wa agizo. Katika ruta nyingi za nyumbani hakuna hatua ya kuomba nenosiri wala ya kukuuliza wewe mwenye nyumba. Aliye ndani anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Sasa utazame huo muda. Katika toleo la kwanza la itifaki hii, muda ukiandikwa sifuri maana yake ni kwamba agizo halina mwisho. Toleo la pili, la mwaka 2010, linachukulia sifuri kuwa sekunde 604,800, yaani wiki moja, lakini ruta za toleo la kwanza bado zimejaa majumbani. Naamini DVR yako ilikuwa 192.168.1.23 ilipoandika mistari ile, baadaye ruta ikaigawia anwani nyingine na ile ya zamani ikaangukia kompyuta ya shemeji, huku mistari ikibaki palepale. Kwa maneno mengine, ruta yako iko tayari kumpeleka mgeni wa kamera kwenye kompyuta ya mkeo.

Mama Swichi

Fundi ameeleza vyema, ila hajajibu kwa nini poti hazipitiki. Kaka, tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, ndani ya ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, huna anwani ya umma. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali yako ni ya mpangaji aliyeacha mlango wa chumba wazi, wakati geti la ua limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba. UPnP huamuru ruta yako tu, haifiki kwenye mitambo ya mtoa huduma.

Programu ya kamera inafanya kazi kwa sababu haibishi hodi kutoka nje. DVR yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, na simu yako inakutana nayo huko.

Kijana wa Konsoli

Naomba asishauriwe kuzima UPnP haraka. Hiyo 3074 bila shaka ni ya mashine ya michezo, na kwa mwenye anwani ya umma, kuizima kunaweza kumfanya ashindwe kuunganishwa na baadhi ya wachezaji. Tena, kuelekeza poti kwa mkono kwenda kwenye DVR yenye nenosiri la kiwandani si salama zaidi hata kidogo.

Mama Swichi

Kuhusu nenosiri nakubaliana nawe kabisa. Hata hivyo, mwaka 2013 watafiti wa Rapid7 walichapisha matokeo ya kuukagua mtandao wa intaneti, wakaeleza kuwa zaidi ya anwani milioni 80 ziliitikia wito wa UPnP kutoka nje, ingawa huduma hiyo inapaswa kusikiliza walio ndani pekee. Mdau huyu hanufaiki nayo kwa sasa, na siku atakapopewa anwani ya umma mistari ile itaanza kufanya kazi bila yeye kuarifiwa. Mimi ningeizima.

Mkazi wa Mbezi

Nawashukuru nyote. Anwani ya WAN inaanza na 100.81, kama dada alivyohisi. Nimezima UPnP, na mistari mitatu haikufutika mpaka nilipoizima ruta na kuiwasha upya. Programu ya kamera inaendelea kufanya kazi. Mpwa wangu, mwenye ile mashine ya michezo, anasema mchezo ulikuwa ukimwonya tangu zamani kwamba NAT yake ni finyu (yaani njia ya kufikiwa na wachezaji wengine imebanwa), na unamwonya vilevile leo. DVR nimeitengea anwani isiyobadilika, na nenosiri lake, ambalo naona aibu kukiri kwamba lilikuwa bado 123456, nimelibadilisha.