Watoto wanataka kuchangia nauli ya Desemba, wafanye kazi gani hapa Kampala?

Mama wa Ntinda:

Ndugu zangu, habari za Jumapili.

Nina binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 13. Desemba wanataka kwenda Pangani kwa bibi yao, hawajamwona tangu tuhamie huku. Basi la Kampala hadi Mombasa tutalipa sisi wazazi. Gari la Mombasa hadi Tanga, chakula cha njiani na zawadi ya bibi tumewaambia wavitafutie wenyewe. Tumekadiria laki nne za Uganda kwa wote wawili. Kijana tayari kaniomba mtaji wa trei mbili za mayai, ayachemshe akauze kwenye foleni za magari. Nimesita. Likizo ya Mei ndiyo inaanza, na waliokwisha pita njia hii naomba mnisaidie.

Baba wa Kansanga:

Dada, hayo mayai usikubali hata akilia. Tangu 2019 Jiji la Kampala lina sheria ndogo inayokataza watoto kuchuuza barabarani, na mzazi wa mtoto aliyekamatwa anaweza kupigwa faini. Juu ya hapo, Katiba ya 1995, ibara ya 34, inamlinda aliye chini ya miaka 16 asifanyishwe kazi ya hatari au ya kumharibia masomo, na Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Sisi kwetu tumekubaliana hivi: ndani ya geti, mchana, na mtu mzima yupo.

Mama wa Kisaasi:

Mama wa Ntinda, hongera kwa kuwaachia sehemu yao. Binti yangu alikwenda Mombasa mwaka juzi, akiwa na miaka 14, na zaidi ya nusu ya safari aliilipa mwenyewe. Nakusimulia ilivyokuwa.

Tulianza na visheti. Nazi hapa zinatoka pwani na bei yake inauma, kwa hiyo unga tuliukanda kwa maziwa, iliki tukaitia bila uchoyo. Kukaanga nilikaanga mimi, sikumruhusu mtoto kusimama juu ya karai la mafuta. Yeye alikata na kusimamia shira, na kwenye shira ndiko penye kazi. Unachota tone kwa mwiko, unalipoza kidogo, unalibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiachanisha vidole likavuta uzi, hapo hapo mimina visheti na kuvigeuza mpaka sukari ivigande nyeupe. Ukizubaa, yote inashika kwenye sufuria. Kwetu ilishika mara mbili.

Watu wa pwani walioko Kampala wanaitafuta sana ladha hii, kwa hiyo pakiti za shilingi 1,000 zilikwisha upesi. Kosa letu lilikuwa duka moja la jirani. Tuliacha pakiti 40 kwa mali kauli, mwenye duka akaziuza zote na fedha hatukuiona mpaka leo. Mtoto alikwenda kudai mara tano, mara ya mwisho akarudi analia. Iliniuma kuliko hizo elfu arobaini, kwa sababu aliyemdhulumu ni mtu anayemwamkia kila asubuhi. Baada ya hapo ikawa hela mkononi ndipo pakiti itoke. Mwezi mzima faida ilikuwa kama 60,000, tukishatoa unga, sukari, mafuta na mkaa. Huo mkaa wengi huusahau kwenye hesabu, halafu wanashangaa faida imekwenda wapi.

Fedha yenyewe ilikuja kwa njia ambayo sikuifikiria. Jirani yangu Mganda ana mtoto aliyekuwa S1, yaani kidato cha kwanza, na kama mjuavyo, mtaala mpya ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2. Mtoto alirudi na 23 kwa mia. Mama yake akaja kwangu na karatasi ya mtihani mkononi: "Nyabo (ndiyo 'bibie' ya Kiganda), binti yako hawezi kukaa na wangu wakaongea tu?"

Binti alikubali, na siku ya kwanza ikamshinda. Kiswahili anakisema tangu kuzaliwa, lakini mwenzake alipoandika "kitabu yangu" akaulizwa kwa nini ni kosa, hakuwa na jibu zaidi ya "hatusemi hivyo". Alirudi ndani amekasirika. Jumamosi nzima tukakaa na ngeli mezani. Jumatatu akaingia kwa mlango mwingine: akamwuliza yule mtoto, kwa Luganda ungesemaje? "Ekitabo kyange." Vikiwa vingi? "Ebitabo byange." Akaviandika juu na chini:

ekitabo kyange, kitabu changu
ebitabo byange, vitabu vyangu

Kisha omuti gwange, mti wangu. Emiti gyange, miti yangu. Mtoto akanyamaza, akatazama karatasi, halafu akaomba kalamu aendelee mwenyewe: abantu bange, watu wangu. Nilikuwa napepeta mchele pale barazani, nikaacha.

Sarufi anayo tayari kwa lugha ya mama yake, alikuwa hajaonyeshwa tu kwamba ni ile ile. Hilo mtoto wetu aliyekulia Kampala, anayecheza kwa Luganda na kula kwa Kiswahili, anaweza kulionyesha vizuri kuliko mwalimu ambaye hana lugha zote mbili.

Habari zikasambaa, wakawa watoto watatu. Kila mmoja 3,000 kwa saa, siku tatu kwa wiki. Wiki tatu za likizo zikampa 81,000. Shule zilipofunguliwa akabaki na Jumamosi asubuhi.

Masharti yangu hayakubadilika. Wanasomea barazani, si chumbani, wasipungue wawili kwa wakati mmoja, na mimi nipo. Mzazi analeta na mzazi anachukua. Na mwalimu huyu naye ana mitihani yake. Wiki ya mitihani hakuna darasa. Malipo yanapita kwenye simu yangu, na hatutoi kidogo kidogo, maana kila ukitoa kuna ada ya wakala. Ya mkononi inaingia kwenye kibubu.

Nataka niseme na jambo jingine, mnisamehe. Nilipofika Kampala niliambiwa nisiongee Kiswahili kwa sauti kwenye teksi, kwa kuwa wazee wa hapa walikisikia kwanza kwenye midomo ya askari wenye bunduki. Nikawa nawanong'oneza wanangu hadharani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi, lakini mimi nililiamini siku yule jirani alipokuja na karatasi ya 23. Mruhusuni kijana wako na dada yake wajaribu. Wanacho kitu ambacho mtaa mzima unakihitaji.

Mzee wa Makindye:

Nyongeza fupi kuhusu safari. Njia hiyo ina mipaka miwili: Busia au Malaba kuingia Kenya, kisha Lunga Lunga na Horohoro kuingia Tanzania. Pasipoti zao ziwe hai, kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe mkononi, na kwa kuwa hamfuatani nao wachukue nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua yenu ya ruhusa iliyosainiwa na wazazi wote wawili. Mtu mzima mnayemfahamu asafiri nao. Fedha badilisheni mjini, kwenye duka la kubadilishia, msiwaachie vijana wanaozunguka mabasi mpakani.

Mama wa Ntinda:

Assalaam alaykum. Naandika Septemba, likizo ya pili imekwisha.

Mayai yaliachwa. Binti ana wanafunzi wanne, wawili ni wa jengo letu. Mdogo wake hana subira ya kufundisha, ila ndiye mwenye daftari: nani kaja, nani kalipa, nani anadaiwa. Pia anasaga karanga na kukata kashata, na mkaa anauhesabu hadi shilingi ya mwisho, nilimsomea barua ya Mama wa Kisaasi. Mzazi mmoja aliomba binti aende kumfundisha mwanawe nyumbani kwake jioni. Nimekataa, kwa adabu, na mtoto yule sasa analetwa Jumamosi.

Jana wamehesabu. Kuna 310,000. Bibi amepigiwa simu, na kabla ya salamu kwisha kauliza kama gonja, zile ndizi ndefu za kuchoma, inafika Pangani bila kuoza. Tumemwambia watachagua ambayo haijaiva.

Mwenye mtoto wa S2 maeneo ya Ntinda au Najjera, Jumamosi saa tatu asubuhi kuna nafasi moja.