Nimeacha kazi, mke wangu yuko kwenye mionzi: bima tufanyeje?

BabaWawili: Habari zenu. Tunaishi Marekani. Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa, na bima ya familia inakatika mwisho wa mwezi. Mke wangu amebakiza wiki tano za mionzi. Barua ya COBRA (utaratibu wa kubaki kwenye bima ya kazini kwa kujilipia mwenyewe) nimeipata, ila malipo ya mwezi yamenitoa jasho; kazini nilikuwa nakatwa kidogo tu. Mimi na watoto ni wazima. Nilipe, au niwahamishie wote HealthCare.gov, soko la bima la serikali? Naogopa apitishe hata siku moja bila bima.

MamaSubira: Pole sana kaka, umfikishie wifi salamu. Bima haijapanda bei. Sehemu kubwa alikuwa akilipa mwajiri, sasa unadaiwa yote pamoja na nyongeza ya hadi asilimia 2. Lakini si lazima mwingie wote! Kila mmoja wenu ana haki yake ya kuchagua. Mchukulie wifi peke yake, wewe na watoto mwende HealthCare.gov. Atabaki na madaktari walewale, na fedha mlizokwisha kutoa mfukoni mwaka huu zitaendelea kuhesabiwa kwenye kiasi cha mwaka mnachotakiwa kujilipia wenyewe. Kwenye bima mpya angeanza sifuri.

Jambo moja nakusihi, maana lilituumiza. Mume wangu alipopunguzwa kazini tulichukua COBRA. Miezi minne baadaye, mwezi Machi, tukashindwa kulipa, tukaacha tukidhani tutaingia HealthCare.gov wiki ileile. Tukaambiwa kuacha wenyewe katikati ya mwaka hakufungui mlango, tusubiri Novemba, na bima ianze Januari. Miezi yote hiyo alikuwa akikata vidonge vya presha nusu nusu. Kwa hiyo kabla hujasaini, hakikisha mtaweza kumlipia wifi hadi Januari.

Mpwani77: Nyongeza kuhusu siku. Una siku 60 za kujibu, zikihesabiwa tangu barua au tangu bima kukatika, lolote litakalokuja baadaye. Ukishajibu, una siku 45 za kulipa mara ya kwanza, na bima inarudi hadi siku ilipokatika, bila pengo. Ila hapo katikati kompyuta ya hospitali inaweza kuonyesha hana bima. Kwa mgonjwa wa mionzi, usingoje.

BabaWawili: Asanteni sana, sikujua kama tunaweza kugawanyika. Nimepiga hesabu: yeye peke yake naweza kumlipia hadi Januari. Fomu naituma kesho pamoja na malipo ya kwanza, jioni nakaa na HealthCare.gov.