Simu za kuzungusha kwa mkono Marekani: nyumba nane laini moja iliwezekanaje?

Mdadisi: Wakuu, nafuatilia kampuni za simu za miji midogo ya Marekani, zile zilizochipuka baada ya hataza za Bell, mvumbuzi wa simu, kuisha mwaka 1893 na 1894. Nyumba nane au zaidi zilichangia laini moja. Mtu alijuaje simu ni yake? Na kwa nini sauti ilififia?

Fundi Nguzo: Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, tuseme mmoja mrefu na miwili mifupi. Kengele zililia kote, mwenye mlio akapokea. Umeme wa kengele ulitoka kwenye jenereta ya sumaku ya kuzungusha. Wa kuzungumzia ulitoka kwenye betri kavu za kila nyumba, kwa kawaida mbili za volti 1.5. Kilichoua sauti ni wadukuzi. Kila aliyenyanyua kipokezi ili asikilize ya wenzake alijigawia mkondo ambao tayari ni hafifu. Na betri yake iliendelea kuliwa mpaka atundike, hata kama hakusema neno.

Waya Mbili: Mkuu kasema kweli, ila kengele nazo zilichangia. Zikiungwa mfululizo, sauti inapita kwenye koili (waya uliozungushwa ndani ya kengele) ya kila nyumba, na koili moja ikikatika laini nzima inakufa. Dawa ni kuziunga sambamba, koili ziwe na ukinzani wa omu 1,000 hadi 1,600: mkondo wa kengele, unaogeuka polepole, unapita, wa sauti unazuiwa. Hapo jenereta lazima iwe na nguvu zaidi, sumaku tano badala ya tatu.

Halafu ethi, yaani njia ya umeme ya ardhini. Wengi walitandika waya mmoja wa chuma, mkondo ukarudi kupitia ardhini. Kiangazi udongo ukikauka, fimbo ya ethi haishiki vizuri. Nyaya za umeme zikipita jirani, ni mvumo mtupu. Suluhisho ni waya wa pili, na nyaya hizo zipishane nafasi kwenye nguzo kila baada ya umbali fulani ili mvumo uingie sawa pande zote na kujifuta.

Mdadisi: Mvumbuzi Strowger alipata hataza ya kituo cha kujiendesha, kinachounganisha simu bila opereta, mwaka 1891. Mbona kampuni hizi zilichelewa kukitumia?

Fundi Nguzo: Pesa. Mitambo hiyo ilidai betri kuu kituoni na laini safi za waya mbili, yaani kujenga upya kila kitu. Mikopo ya serikali kwa simu za vijijini ilianza 1949. Bryant Pond, Maine, iliendelea kuzungusha hadi 1983, ubao wa opereta ukiwa sebuleni kwa wenye kampuni.