Kanali wa miaka 21? Naomba kueleweshwa kuhusu maafisa wa Rejimenti ya 26 ya North Carolina

mgeni_raleigh:
Wakuu, habari za siku. Niko Raleigh, North Carolina, kimasomo. Juzi nimezunguka makaburi ya Oakwood, ile sehemu walikozikwa askari wa Kusini (majimbo yaliyojitenga) wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nikakutana na kaburi la Henry King Burgwyn, kanali wa Rejimenti ya 26 ya jimbo hili. Kazaliwa Oktoba 1841, kafa Julai 1863. Miaka 21! Kwetu umri huo ndio kwanza unaenda depo kukatwa nywele. Hicho cheo alikipataje? Mtoto wa mkubwa? Na maafisa wenzake walikuwa watu wa namna gani? Wajuzi karibuni.

koplo_mstaafu:
Mkuu, umegusa penyewe. Jeshini sikuvuka koplo, lakini maafisa nimewaangalia kwa karibu miaka mingi, na hii rejimenti nimeisoma sana.

Kwanza sahau utaratibu wetu wa kumaliza chuo cha maafisa Monduli na kupewa kamisheni na Rais. Kule 1861 walipiga kura. Rejimenti ilikuwa kombania kumi, kila moja ikikusanywa kaunti moja, watu wanaojuana tangu utotoni. Askari walichagua kapteni na maluteni wao, kisha maafisa wa kombania wakachagua watatu wa juu: kanali, luteni kanali na meja. Agosti 1861, kambini karibu na hapo Raleigh ulipo, kura zilimpa ukanali Zebulon Vance, mwanasiasa aliyekuwa mbunge Washington kabla ya vita. Hodari wa maneno na vichekesho, askari walimpenda, ila gwaride lilikuwa si fani yake. Luteni kanali akawa Burgwyn, miaka 19, ametoka kuhitimu Chuo cha Kijeshi cha Virginia. Yeye ndiye aliyewafundisha kazi hasa.

Na walimchukia! Kijana wa kitajiri anawapeleka mchakamchaka wakulima wa milimani wenye ndevu. Kilichowageuza ni mapigano ya New Bern, Machi 1862. Jeshi la Kusini lilikimbia, daraja nyuma yao likachomwa, 26 wakabaki wamezibwa na kijito cha Brice. Vance aliingia majini na farasi wake, nusura azame, ikabidi aokolewe. Burgwyn akabaki ukingoni anawavusha watu kwa vimtumbwi vichache, kundi kwa kundi, na mwenyewe akavuka mwisho. Hapo ndipo askari anapoamua kama afisa ni wake au si wake. Meja wao, Abner Carmichael, aliuawa siku hiyohiyo.

Agosti 1862 Vance alishinda ugavana, akaondoka. Burgwyn akapanda kuwa kanali akiwa na miaka 20. Jenerali wa brigedi yao, Robert Ransom, alisema hataki kanali mtoto kwake. Rejimenti ikahamishiwa kwa Jenerali Pettigrew, na kwa maoni yangu Ransom ndiye aliyepata hasara.

bibi_kitabu:
Hao watatu wa juu, baada ya Vance kuondoka, walikuwa nani? Maana kanali peke yake si rejimenti.

koplo_mstaafu:
Dada, swali zuri. Luteni kanali akawa John R. Lane wa kaunti ya Chatham, na huyu ndiye ninayemhusudu. Mkulima, hakuwa na chuo cha kijeshi. Aliingia kama askari wa kawaida, akawa koplo (mnaona!), kisha watu wa Kombania G wakamchagua kapteni wao. Meja akawa John T. Jones wa Caldwell, aliyeacha masomo ya chuo kikuu na kuingia vitani.

Kazi zao zinaeleza kwa nini walikufa wengi. Rejimenti ilipigana imesimama mstari mmoja mrefu, bendera katikati. Moshi ukishatanda na risasi zikilia, amri haisikiki, kwa hiyo askari anaangalia bendera: ikisonga anasonga. Kanali husimama karibu na katikati, luteni kanali anaangalia upande mmoja, meja upande wa pili. Maana yake adui anayelenga bendera anawalenga na wakubwa.

Sasa Gettysburg, mji wa Pennsylvania, Julai 1, 1863, alasiri. Wameingia watu zaidi ya 800. Wanavuka kijito cha Willoughby, wanapanda msitu kuikabili Rejimenti ya 24 ya Michigan, mojawapo ya vikosi vigumu vya Kaskazini. Washika bendera wanaanguka mmoja baada ya mwingine, kumi na zaidi. Kapteni McCreery, afisa wa makao ya brigedi, anaiokota, anauawa. Luteni George Wilcox anaivuta kutoka chini ya maiti, anapigwa risasi. Burgwyn anaichukua mwenyewe. Askari Frank Honeycutt anajitokeza kuipokea, na Burgwyn akiwa anageuka kumkabidhi, risasi inampiga ubavuni na kupasua mapafu yote mawili. Honeycutt naye anakufa hapohapo. Lane anapata habari, anaishika, anaongoza hadi Michigan wanarudi nyuma. Anageuka kuwatazama watu wake, risasi inaingia kisogoni na kutokea mdomoni.

Karibu 600 waliuawa au kujeruhiwa siku hiyo. Kombania F ya Kapteni Romulus Tuttle ilikaribia kuisha yote. Siku mbili baadaye mabaki yao, chini ya Meja Jones, yakapelekwa kwenye lile shambulio maarufu la uwandani, Pickett's Charge, wakapoteza na bendera.

mzee_wa_hoja:
Simulizi tamu, lakini wakuu tusisahau hawa walikuwa wanapigania nini. Mnawapamba watetezi wa utumwa kama mashujaa wa Majimaji.

koplo_mstaafu:
Mzee, sijampamba mtu, na hoja yako ni ya haki. Baba yake Burgwyn alikuwa na shamba kubwa kando ya mto Roanoke, kaunti ya Northampton, linalolimwa na watumwa zaidi ya mia. Ada ya chuo na farasi wa kanali vilitoka kwenye jasho lao. Hata vitani alikuwa na mtumwa wake wa kumhudumia, na baada ya Burgwyn kufa ndiye aliyerudisha farasi na vitu vyake nyumbani kwa familia. Huyo naye alikuwa Gettysburg, ila hakupigiwa kura wala hakuulizwa. Oktoba 1862 bunge la Kusini lilipitisha sheria ya kumsamehe mwanamume mmoja mweupe asiende vitani kwa kila shamba lenye watumwa 20, na wakulima wadogo wa milima ileile waliojaza kombania za 26 walinung'unika sana. Ujasiri wa Lane naukubali. Alichopigania hapana.

mgeni_raleigh:
Shukrani mkuu. Sasa Burgwyn alizikwa Raleigh vipi kama kafia Pennsylvania? Na waliobaki waliishia wapi?

koplo_mstaafu:
Walimzika palepale karibu na uwanja wa vita, chini ya mti, ndani ya sanduku la bunduki kwa kuwa jeneza halikuwepo. Familia ikamhamishia Oakwood mwaka 1867.

Pettigrew alijeruhiwa wakati wa kurudi nyuma, akafa Julai 17. Jones alipanda kuwa luteni kanali, akapata jeraha la kumuua msituni Wilderness, Mei 1864. Lane, wa risasi ya mdomoni, alirudi kazini! Akawa kanali, akajeruhiwa tena Wilderness na tena Reams Station. Wachache waliobaki walisalimu amri Appomattox Aprili 1865. Tuttle akawa mchungaji wa kanisa. Vance alirudi kwenye ugavana, kisha akawa seneta.

Mwaka 1903 Lane alikwenda Gettysburg kwenye mkutano wa maveterani, akapiga picha na Charles McConnell wa Michigan, sajenti anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemlenga siku ile. Kama una muda, kadi za utumishi za maafisa hawa ziko Hifadhi ya Taifa Washington na zimewekwa mtandaoni. Anza na Lane, jina la kati Randolph. Tafuta kwa rejimenti kwanza, maana akina John Lane ni wengi mno.